Shekhar Mehta: Chipukizi wa Kampala aliyefika kilele cha rali duniani

KIJANA wa Kibokoni au Majengo anayetamani kuwa dereva wa mbio za magari hukumbana na kikwazo cha kwanza mlangoni pake. Vichochoro vya Mji wa Kale havikujengewa magari. Hata Ndia Kuu, pamoja na ukubwa wa jina lake, ni barabara ambamo gari na mkokoteni hupishana kwa kustahiana. Gurudumu ambalo wengi hulimudu kwanza kisiwani Mombasa ni la mkokoteni, kisha la baiskeli, na ukubwani la tuktuk. Hata hivyo, swali ambalo kijana huyo hujiuliza halitofautiani na lile la mwenzake wa Nakuru au Kampala: je, dereva chipukizi wa huku kwetu anaweza kupanda hadi daraja la juu kabisa la mashindano ya magari duniani?

Yuko mmoja aliyelijibu kwa vitendo. Aliitwa Shekhar Mehta, na tangu afariki dunia jijini London mnamo Aprili 12, 2006, hajatokea dereva mwingine wa Afrika Mashariki aliyefika alipofika yeye. Alishinda mashindano ya Safari Rally mara tano, nne kati ya hizo kwa mfululizo, na mwaka 1981 alimaliza wa tano katika orodha ya madereva wa Ubingwa wa Dunia wa Rali. Maisha yake yafaa kusimuliwa upya leo kwa sababu mbili. Yanaonyesha kwamba ngazi ya kupandia ilikuwepo. Yanaonyesha pia ni vipandio gani vya ngazi hiyo vimevunjika tangu wakati wake.

Mehta alizaliwa nchini Uganda Juni 20, 1945, katika familia tajiri yenye asili ya India. Kama ilivyokuwa kwa Wahindi wengi wa Uganda, historia ya jamii yake ilipitia Mombasa. Ni katika kisiwa hiki ambapo vyombo kutoka Bara Hindi vilitia nanga, na ni kutoka hapa ambapo reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ilipanda bara hadi ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, ikiwafungulia wafanyabiashara njia ya kwenda Kampala na Jinja. Kizazi cha kina Shekhar kilizaliwa na kukulia Uganda, kikaitambua nchi hiyo kuwa ndiyo kwao.

Alianza mashindano akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha gari aina ya BMW. Umri huo wapasa kuzingatiwa na kila mzazi ambaye mwanawe amemwambia anataka kuwa dereva wa langalanga. Katika mbio za Formula One, mtoto huanza kuendesha vigari vidogo vya karti akiwa bado shule ya msingi. Lewis Hamilton wa Uingereza alianza akiwa na miaka 8. Max Verstappen wa Uholanzi alishiriki Formula One kwa mara ya kwanza mwaka 2015 akiwa na miaka 17, jambo lililowafanya wakuu wa mchezo huo waweke kanuni kwamba leseni ya juu isitolewe kwa aliye chini ya miaka 18, tena awe amekusanya alama 40 katika mashindano ya madaraja ya chini. Mtoto wa Mombasa ambaye hana kiwanja cha karti karibu na nyumbani, wala mzazi wa kumhamishia Ulaya, huwa amekwisha kuachwa nyuma kabla hajabaleghe.

Rali ni mchezo mwingine. Hauhitaji kiwanja maalumu, bali barabara. Nazo barabara za Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 zilikuwa chuo kikuu cha udereva, kila mwenye gari akiwa mwanafunzi apende asipende.

Msomaji wa leo aliyeizoea Safari ya Naivasha huenda asiitambue ile ya zamani. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua za masika huwa zimekwisha kuanza kugeuza udongo kuwa uji. Magari yalikwenda kilomita 5,000 au zaidi katika siku chache, mchana na usiku, kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Dereva wa mashindano alipishana na basi la abiria, lori la mizigo, ng'ombe na punda. Katika kila kituo cha ukaguzi alitakiwa afike kwa muda uliopangwa, na kila dakika aliyochelewa iliandikwa kuwa adhabu. Aliyekuwa na dakika chache zaidi za adhabu mwishoni ndiye aliyeshinda. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, na tena yakamaliza 7 tu.

Katika miaka mingi ya 1970 na 1980, mkondo mmoja wa safari hiyo uliteremka hadi pwani. Magari yaliacha baridi ya Nairobi, yakapita Voi na vilima vya Taita, yakakata nyika kavu ya Taru ambako vumbi jekundu huingia hata ndani ya kofia, kisha yakakutana na joto na unyevu wa Mombasa. Kwa wakazi wa kisiwa, Pasaka ilikuwa na ladha hiyo ya ziada. Watu wasiojua tofauti ya klachi na breki walijua majina ya madereva, na ubishi wa Peugeot dhidi ya Datsun ulisikika barazani kama ule wa timu za kandanda. Haikuwa ajabu, kwani magari hayo yalifanana na yale waliyoyaona kila siku. Peugeot ilibeba abiria wa masafa marefu, na Datsun ilikuwa ya karani, ya mwalimu na ya mwenye duka.

Huo ndio ulimwengu ambamo kijana Mehta alijifunzia kazi. Mwaka 1971 alimaliza Safari katika nafasi ya pili kwa gari la Datsun 240Z, akiongozwa na mwelekezi wake Mike Doughty, nyuma ya Edgar Herrmann aliyeendesha gari la aina hiyohiyo. Alikuwa hajatimiza miaka 26. Mtu angedhani kuwa kilichobaki ni kungoja Pasaka chache zipite, ushindi uje wenyewe.

Kilichokuja kwanza ni siasa. Mnamo Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke nchini katika muda wa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu waliacha nyumba, viwanda, maduka na mashamba. Mombasa ilishuhudia sehemu ya msiba huo kwa macho yake. Treni maalumu zilizojaa familia zilishuka kutoka Kampala hadi bandarini, na abiria wake wakapakiwa melini kwenda India, nchi ambayo wengi wao hawakuwa wamepata kuiona. Wale ambao babu zao walipanda reli kutoka kisiwa hiki wakitafuta maisha, sasa wajukuu waliteremshwa kwa reli hiyohiyo wakiwa na masanduku machache. Familia ya Mehta nayo ilipoteza makazi yake Uganda. Shekhar alihamia Kenya, akaanza upya.

Ni vigumu kupima jambo kama hilo lina uzito gani katika maisha ya mwanamichezo. Wako wanaovunjika. Yeye, miezi michache tu baadaye, aliingia katika Safari ya mwaka 1973 akiwa na Datsun 240Z na mwelekezi Lofty Drews.

Mwaka huo ulikuwa wa pekee. Ndio mwaka ambao Ubingwa wa Dunia wa Rali ulianzishwa, na Safari ikawa mojawapo ya duru zake. Mwaka uliotangulia, Hannu Mikkola wa Finland alikuwa amevunja mwiko kwa kuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari, baada ya wenyeji kuitawala tangu 1953. Wageni walikuwa wamegundua siri. Viwanda vikubwa vya Ulaya na Japani vilileta magari na mafundi kwa wingi zaidi, na wenyeji wakaanza kuuliza iwapo zama zao zimekwisha.

Mwisho wa mbio za 1973 haukuwa na mfano. Mehta na Harry Källström wa Uswidi, naye katika gari la Datsun lakini la aina nyingine, walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa hadi dakika ya mwisho. Baada ya maelfu ya kilomita za vumbi na matope, hapakuwa na hata dakika moja ya kuwatenganisha. Waamuzi wakarudi kwenye kanuni iliyosema kuwa wakilingana, ushindi ni wa yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu. Huyo alikuwa Mehta. Kwa hiyo, dereva wa kwanza wa Afrika Mashariki kushinda duru ya Ubingwa wa Dunia alipata heshima hiyo kwa sababu alikuwa mwangalifu zaidi pale mwanzoni, wakati wengine walipodhani bado mapema.

Kuna funzo la ufundi hapa ambalo chipukizi wengi hulikosa. Safari ya zamani haikushindwa na dereva mwenye mguu mzito kuliko wote. Ilishindwa na yule aliyejua ni wapi pa kukimbia na ni wapi pa kulihurumia gari. Jiwe moja lililofichika ndani ya dimbwi lilitosha kuvunja ekseli na kumaliza kazi ya mwaka mzima. Dereva mwenyeji alijua kwamba mto fulani hujaa jioni hata kama mvua imenyesha mbali, na kwamba udongo mweusi hunata kwa namna ambayo udongo mwekundu haunati. Alijua pia mahali ambapo wenye ng'ombe huvusha mifugo yao alasiri. Mambo hayo hayakufundishwa Ulaya. Mehta alikuwa nayo, tena alikuwa na subira ya kuyatumia.

Baada ya ushindi huo, ilimchukua miaka sita kurudi juu. Miaka hiyo Joginder Singh alishinda mara mbili, mwaka 1974 na 1976, na wageni wakachukua iliyobaki. Joginder naye anastahili neno katika mjadala huu, maana mara nyingi husemwa kuwa rali ni mchezo wa matajiri na kwamba Mehta alifika kwa sababu ya mali ya ukoo. Joginder, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alikuwa fundi aliyelelewa katika gereji ya babake. Ushindi wake wa kwanza wa Safari, mwaka 1965, aliupata pamoja na nduguye Jaswant katika gari la Volvo lililokuwa limekwisha tumika, ambalo wenyewe waliliandaa upya. Basi njia zilikuwa mbili. Mmoja alipanda kwa fedha, mwingine kwa spana. Ila zote mbili zilikutania mahali pamoja, yaani kwenye milango ya timu za viwanda vilivyokuja Kenya kutafuta ushindi.

Mlango wa Mehta ulikuwa Datsun. Kampuni hiyo ya Japani, ambayo sasa yajulikana kwa jina la Nissan, iliyaona mashindano ya Safari kuwa tangazo bora kuliko yote barani Afrika. Wakala wake Kenya alikuwa D.T. Dobie wa Nairobi, na kupitia kwake magari ya kiwanda yaliandaliwa, yakajaribiwa na kukabidhiwa madereva wa hapahapa pamoja na wageni. Kwa dereva chipukizi, tafsiri yake ilikuwa hii: hakulazimika kwenda Tokyo wala Paris kutafuta kazi. Kazi ilimfuata nyumbani, ikampima kwenye barabara anazozijua, na akifaulu hapo alikuwa amewashinda walio bora duniani.

Miaka minne ya utawala wake ilianza Pasaka ya 1979. Mercedes-Benz ya Ujerumani ilikuja na magari makubwa ya 450 SLC yenye injini ya lita 5, pamoja na madereva wa sifa wakiongozwa na Mikkola yuleyule wa 1972. Mehta na Doughty walikuwa na Datsun 160J, gari dogo lisilo na mbwembwe, lenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma na ambalo umbo lake lilifanana na lile lililoegeshwa nje ya ofisi yoyote ya serikali. Mikkola alimaliza wa pili. Wajerumani walirudi mwaka 1980, na tena Mehta akawapita, safari hii aliyemfuata akiwa mwenzake wa timu, Rauno Aaltonen wa Finland. Mwaka 1981, sasa katika Datsun Violet GT, mambo yakawa vilevile: Mehta wa kwanza, Aaltonen wa pili.

Yapasa kumhurumia Aaltonen kidogo. Alikuwa bingwa wa Ulaya, mtaalamu aliyeheshimiwa kila pembe ya dunia, na aliipenda Safari kwa miaka mingi bila kupata kuishinda. Kilichomzuia mara mbili mfululizo ni mtu aliyetoka katika gereji moja naye, mwenye gari sawa na lake na mafundi walewale. Hakuna ushahidi ulio wazi zaidi ya huo kwamba ushindi wa Mehta haukutokana na gari peke yake.

Mwaka 1982 Opel ilimleta Walter Röhrl, ambaye mwishoni mwa mwaka huo alitawazwa bingwa wa dunia. Röhrl alimaliza Safari katika nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa, kwa mara ya nne mfululizo na ya tano kwa jumla, mkazi wa Nairobi mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na miaka 36. Katika miaka yote ambayo Safari imehesabiwa kuwa duru ya Ubingwa wa Dunia, hakuna dereva aliyefikisha ushindi wa tano mbali na yeye. Björn Waldegård wa Uswidi alikomea mara nne.

Hapa ndipo msimuliaji anapopaswa kuwa mkweli kuhusu kilele chenyewe. Ushindi wote watano wa Mehta katika Ubingwa wa Dunia aliupata Safari. Alijaribu kwingine, tena si kidogo. Mwaka 1981 alikwenda Argentina akamaliza wa pili nyuma ya Guy Fréquelin wa Ufaransa, matokeo yaliyomsaidia kupata ile nafasi ya tano duniani. Lakini kwenye theluji ya Uswidi, lami ya Corsica au misitu ya Finland, hakuwa na faida aliyokuwa nayo Taita au Kericho. Madereva wa Finland hulelewa juu ya barafu kama watoto wa Mji wa Kale wanavyolelewa kando ya maji. Kuwa bingwa wa dunia kulihitaji kushinda nyumbani kwa wengine pia, na kwa hilo palihitajika misimu mingi mfululizo ugenini, kwa gharama ambayo timu yake haikuwahi kuibeba kikamilifu.

Kwa hiyo tukiuliza kama chipukizi wa Afrika Mashariki anaweza kufika juu, maisha ya Mehta yasema ndiyo, kisha yaongeza sharti. Alifika kwa sababu dunia ilikuja kwake kila Pasaka. Wangekuwa wameihamishia Safari mahali pengine mwaka 1973, yamkini jina lake lingejulikana Kampala na Nairobi tu.

Baada ya 1982 mchezo wenyewe ulibadilika. Audi ilileta Safari gari lenye kusukumwa na magurudumu yote manne mwaka 1983, na ingawa mshindi wa mwaka huo alikuwa Ari Vatanen katika Opel, ilionekana wazi upepo unakovuma. Zilikuja injini zenye turbo, helikopta zilizotangulia gari angani kumwonya dereva juu ya mifugo na malori, na misururu ya magari ya huduma. Ujuzi wa barabara, ile rasilimali kuu ya mwenyeji, ulianza kununulika. Timu iliyoweza kulipia wiki nyingi za mazoezi na helikopta ya kutazama mbele haikumhitaji tena mtu anayekumbuka kona kwa kichwa. Mehta aliendelea na Nissan, kisha akaendesha Peugeot 205 Turbo 16, gari la zama mpya, lakini ushindi wa sita haukupatikana.

Naye hakuwa peke yake garini wala maishani katika mchezo huo. Mkewe, Yvonne, alikuwa mwelekezi wa rali, na walishiriki pamoja mashindano kadhaa, yeye akisoma njia na mumewe akishika usukani. Wanandoa wanaoweza kupotea njia pamoja usiku wa manane bila kugombana ni wachache, na hao wawili walifanya hivyo kwa kushindana na saa.

Mwaka 1987, katika Rali ya Mafarao nchini Misri, safari yake ya udereva ilikatika. Gari lake la Peugeot lilipata ajali mbaya jangwani, akaumia vibaya na kulazwa hospitalini kwa muda mrefu. Alikuwa na miaka 42. Alinusurika, lakini hakurudi tena katika mashindano ya daraja la juu, na majeraha hayo yaliendelea kuisumbua afya yake hadi mwisho.

Badala ya kujitenga, aliingia katika uongozi. Alipanda katika Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, hadi akaongoza tume yake ya rali. Kwa mtu aliyewahi kufukuzwa nchi aliyozaliwa, kukalia kiti ambacho kanuni za mchezo wa dunia nzima zilijadiliwa mbele yake ni safari ndefu kuliko Safari yoyote aliyoishinda.

Lakini katika miaka hiyohiyo ndipo Safari ilipopotea. Dunia ya rali ilikuwa imehamia kwenye mashindano mafupi, yenye barabara zilizofungwa na ratiba inayoifaa televisheni. Safari, pamoja na urefu wake na gharama zake, ilionekana mzigo, na waandaaji wa Kenya walikuwa na uhaba wa fedha. Colin McRae wa Scotland alishinda ile ya 2002, na baada ya hapo Kenya ikaondolewa katika kalenda ya Ubingwa wa Dunia. Mehta alifariki miaka minne baadaye, akiwa na umri wa miaka 60, bila kuiona ikirudishwa. Ilirudi Juni 2021.

Kuna miaka 18 katikati ya hapo. Mtoto aliyezaliwa Mombasa mwaka 2003 alikua, akasoma, akapata kitambulisho cha taifa kabla ya kuona duru ya Ubingwa wa Dunia ikifanyika nchini mwake. Mkenya wa mwisho kushinda duru hiyo bado ni Ian Duncan, aliyeshinda mwaka 1994 kwa gari la Toyota. Patrick Njiru alionyesha katika miaka hiyo ya 1990, akiwa na Subaru, kwamba dereva Mwafrika mweusi angeweza kuaminiwa na kiwanda kikubwa. Baada yao ngazi ilibaki imeegemea ukuta bila vipandio vya katikati. Wenyeji waliendelea kushindana wenyewe kwa wenyewe, wengi wao wakiwa hodari kweli, bila kipimo cha kuwalinganisha na dunia.

Safari iliyorudi haiteremki tena pwani. Makao yake ni Naivasha, barabara zake hufungwa, na kilomita za mashindano ni mia tatu na ushei badala ya maelfu. Kuanzia 2021 hadi 2025 washindi wote walikuwa madereva wa Toyota kutoka Ulaya: Sébastien Ogier mara mbili, Kalle Rovanperä mara mbili na Elfyn Evans mara moja. Magari yao ya daraja la kwanza hayauzwi dukani, na mwenyeji hushindana katika madaraja ya chini yake. Siku hizi hata dereva anayeijua Naivasha kama kiganja cha mkono wake hawezi kumpita Ogier kwa ujuzi wa barabara tu.

Hata hivyo jaribio limefanyika la kurudisha vipandio. Mwaka 2022, vijana watatu wa Kenya, McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome, waliingizwa katika Ubingwa wa Dunia wa Chipukizi wakiendesha magari ya Ford Fiesta. Februari mwaka huo Kimathi alipelekwa Uswidi kushindana juu ya theluji, uwanja uleule ambao kina Källström walizaliwa nao. Jina alilopewa kijana huyo ni la yule bingwa wa Scotland aliyeshinda Safari ya mwisho kabla ya kiza cha miaka 18. Matokeo hayakuwa ya kutikisa dunia, wala hakuna mwenye akili aliyetarajia hivyo. Mehta mwenyewe alihitaji miaka saba tangu alipoanza hadi aliposhinda, tena nyumbani. Jambo la kutia shaka ni kama udhamini utadumu muda wa kutosha, kwa kuwa msimu mmoja ugenini humfundisha kijana jinsi asivyojua, na anahitaji misimu mingine miwili au mitatu ili ajue.

Pwani bado huyaona magari ya zama za Mehta mara mojamoja. Mashindano ya magari ya kale ya Afrika Mashariki, yaliyoanzishwa mwaka 2003, yamewahi kuanzia na kumalizikia Mombasa, na miongoni mwa magari yanayoshiriki zimo Datsun za miaka ya 1970, zikiwa zimepakwa rangi upya na injini zikiunguruma kwa sauti ambayo watu wa makamo huitambua kabla hawajageuza shingo. Gari likipoa, vijana hukusanyika kulipiga picha kwa simu, na aghalabu mzee mmoja huwapo wa kuwaeleza ni nani aliyeliendesha la namna hiyo Pasaka ya mwaka 1973, na kwa nini dakika zake zililingana na za Mswidi.